Nimr Akioa

Hakuna ghorofa Kairo nzima iliyowahi kumshinda Hazim Barakat. Si maneno yangu, ni yake mwenyewe, na aliyasema siku ya Idi mlangoni mwa sinema, mtaa wa Imad el-Din, kwa sauti ya kuwatosha watu wa foleni nzima, huku kamkanyaga mtu kiatu.

Mwenye kiatu alikuwa Nihal. Alivaa gauni la Idi rangi ya fistiki, kijani cha kupauka, mama yake kalipiga pasi mpaka lingeweza kusimama bila yeye, na mtandio wa krimu uliobanwa kwa pini ya lulu. Chini alikuwa na viatu vya mikanda, na mkanda wa kulia ndio kwanza ulikuwa umekatika. Umati ulisukumana kama mkate unagawiwa bure. Kila mtu na mfuko wake wa mbegu za alizeti, kila mtoto na bunduki yake ya plastiki, wote wanataka kuingia kuona Nimr wa Bulaq, Sehemu ya Pili. Nihal akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, kamshika bega binamu yake Rabab, akamsikiliza kijana aliyemharibia kiatu akimsimulia rafiki yake kwamba ule mgongo unaoruka kutoka juu ya majengo, ambao watu wote wanadhani ni wa nyota, ni wake yeye. Nyota mwenyewe akipanda kiti kubadilisha balbu anaona kizunguzungu.

"Samahani, mwenye mgongo," Nihal akamwambia. "Ukimaliza kuruka, utoe mguu kwenye kiatu changu."

Hazim akageuka. Alikuwa na nyusi zilizokutana na kovu dogo kidevuni, na midomo yake, iliyokuwa haipumziki, ikapumzika.

Ndani, gizani, Nimr aliruka kutoka ghorofa ya saba akatua kwenye mkokoteni wa nyanya. Watu wakapiga makofi. Makofi yalipopungua, sauti ya kike ikatoka safu za nyuma: "Mgongo unaruka vizuri, ila chini hauangalii." Sinema nzima ikacheka. Wakati wa mapumziko Hazim akapotea, akarudi anahema. Maduka ya viatu yote yalikuwa yamefungwa kwa Idi, na alichopata ni kandambili za plastiki za kijani, za bafuni, saizi ya mwanamume. Nihal alirudi nazo nyumbani, fistiki juu, kijani chini, zinapiga chapa-chapa mpaka Sayyida Zeinab. Rabab alipita upande wa pili wa barabara ili asijulikane kuwa ni ndugu.

Kandambili hazikutupwa. Nihal alimwambia mama yake kuwa zinafaa kazini, na kazini kwake kweli mtu alisimama kutwa. Alikuwa fundi katika duka la magauni ya harusi. Alipima viuno vya wenzake, akapandisha pindo za wenzake, akawafunga wenzake vifungo vya mgongoni huku wakilia kwa furaha. Baba yake, Sheikh Mitwalli, ndiye aliyekuwa mwozeshaji wa mtaa. Watani wa jirani walisema baba anawaoza, binti anawavisha, na nyumbani kwao pilau hailiwi.

Simu ya kwanza ya Hazim ilianza hivi: "Kandambili zinaendeleaje?" Ya pili vilevile. Kufikia ya kumi alikuwa anasema, "Kandambili zinaendeleaje, roho yangu," na Nihal anajibu kwamba zinamuulizia. Waliongea wakati wa chakula cha mchana, yeye kajificha nyuma ya magauni, Hazim kalala juu ya maboksi matupu ambayo dakika chache baadaye angeyaangukia kutoka darini. Alimwita mboni ya jicho langu. Nihal alimwita mwenye mgongo, na siku akiwa na huruma, mgongo wangu.

Tatizo lilianza kwa mzaha. Yule Nimr, kama hukuwahi kumtazama, ni mwizi mwema anayetaka kumuoa Zahra, na kila filamu huishia harusini, na kila harusi huharibika. Sehemu ya Kwanza polisi walivamia. Ya Pili keki ililipuka. Kampuni ilipotangaza kuwa Sehemu ya Tatu ndiyo ya mwisho, Nihal alimuuliza Hazim atakuja lini kwao kusoma Fatiha ya posa, maana baba mtu haombwi binti kwa simu. Hazim akajibu, kwa furaha ya mtu aliyepata neno zuri:

"Nimr akioa, kesho yake nipo kwenu."

Nihal alicheka. Aliliona neno tamu. Hakujua kuwa amefungwa na mtu asiyekuwepo duniani.

Sehemu ya Tatu, Idi ilipofika, bibi harusi alitekwa njiani. Ya Nne mwozeshaji aliugua tumbo katikati ya maneno. Ya Tano shahidi mmoja aligeuka kuwa jasusi. Watu walizipenda hizo filamu kwa hasira. Mama mmoja safu ya mbele alivua kiatu akakirusha kwenye skrini, na Nihal akamwonea wivu kwa kuthubutu. Kila Idi alitoka sinema amekunja uso mpaka pini ya mtandio inaning'inia, na kila Idi Hazim alimfuata nyuma akimwambia si kosa lake, mwandishi ndiye mwenye roho mbaya.

Usidhani hakuna siku aliyojaribu. Baada ya Sehemu ya Nne Nihal alimpangia siku, akamwambia baba yake kuna mgeni, akapanga biskuti kwenye sahani ya maua. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu. Alisimama nyuma ya mlango akasikia hatua za Hazim zikipanda: ya kwanza, ya pili. Kisha kimya. Kisha hatua zikashuka, haraka, kama mtu anayefukuzwa. Simu ikalia.

"Kuna mbwa kwenye ngazi, laazizi wangu."

"Huyo ni paka wa jirani yetu Sitti Labiba, Hazim. Hana hata meno."

"Basi ana uso wa mbwa."

Biskuti alikula Sheikh, akauliza mgeni alikuwa nani, akaambiwa ni fundi wa bomba ambaye amepata dharura.

Mwaka huu ndipo kampuni ikatangaza kwa mabango makubwa kwamba sasa imetosha kweli. Sehemu ya Sita Nimr anaoa, hadithi kuu inafika mwisho. Nihal akaanza kuvipitishia macho vitambaa vya mapazia, kimyakimya, asije akajulikana ana haraka. Lakini Hazim alipopiga simu wiki ileile, sauti yake ilikuwa na furaha ambayo haikuwa ya harusi. Amesaini kazi nyingine. Baada ya Sehemu ya Sita watatengeneza filamu ya bawabu wa jengo la Nimr, halafu ya shangazi yake Zahra, halafu huenda ya yule mwenye mkokoteni wa nyanya. Nimr atapitapita humo kidogo, na akipita lazima aruke.

"Kwa hiyo haiishi," Nihal akasema.

"Inaisha, mboni yangu. Hadithi kuu inaisha. Zinazobaki ni za pembeni."

Nihal alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Na mimi, Hazim? Mimi ni hadithi kuu au ya pembeni?"

Swali hilo lina jibu moja, na hata paka wa Sitti Labiba analijua. Ila Hazim alikuwa mtu wa kuchekesha watu, na mtu wa kuchekesha watu hana breki.

"Wewe ni mapumziko ya katikati, roho yangu. Ndiyo yanayosubiriwa na wote."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa, wala siku hiyo, wala iliyofuata. Nihal alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba yule mfamasia wa Tanta, ambaye shangazi amekuwa akimtaja kila akija kunywa chai, anaweza kuja Ijumaa. Mama akamtazama usoni, akamuuliza kama ana homa. Nihal akasema hana homa, ana umri.

Sasa sikia jinsi mambo yanavyopenda kumchokoza mtu aliyekwisha kuchoka. Harusi ya Nimr ilipigwa picha Jumatano ya wiki hiyohiyo, na ilipigwa kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba yao Nihal, kwa kuwa mwongozaji alizipenda baraza za pale. Gauni la Zahra lilikodiwa dukani kwao. Mwigizaji alikuwa amepungua kiuno, kwa hiyo mwenye duka akamtuma Nihal na sindano. Na mwongozaji, mtu mnene mwenye kofia na kidonda cha tumbo, akataka mwozeshaji mwenye sura ya kweli, si mwigizaji wa ndevu za gundi. Wakamwelekeza kwa Sheikh Mitwalli.

Sheikh alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti. Ndoa haina mzaha, alimwambia mwongozaji. Mtu akimuozesha mwenzake kwa utani, amemuozesha. Kwa hiyo mahali pa jina la binti atataja Zahra, mtu ambaye hakuzaliwa, na katikati ya maneno wakate kamera. Mwongozaji akasema hewala, hata angetaka ataje jina la ngamia.

Jua lilikuwa limesimama juu ya turubai. Nyota yumo ndani ya gari lake lenye ubaridi, hashuki mpaka taa ziwe tayari. Mwigizaji wa Zahra kasema kwenye joto hilo havai kitu mara mbili. Taa haziwezi kupangwa bila gauni, kwa sababu nyeupe inarudisha mwanga. Mwongozaji akameza dawa yake ya tumbo, akaangaza huku na huku, akaona msichana mwenye sindano.

"Wewe, binti. Livae ukae pale."

Nihal akalivaa. Lilimkaa kama alivyojua litamkaa, maana pindo alilipandisha yeye. Viatu vya bibi harusi vilikuwa vidogo, akabaki na kandambili zake za kijani, akazifunika kwa gauni. Alipotoka nyuma ya pazia, bwana harusi wa kupimia taa alikuwa ameshakaa, kaipa kamera mgongo. Nihal aliujua mgongo ule hata gizani. Ulikuwa umelowa jasho kutoka kwenye kola mpaka kiunoni, na haukuwa unageuka.

Mbele yake alikaa Sheikh. Mkono wa Sheikh na mkono wa Hazim ilikuwa imeshikana chini ya kitambaa cheupe, kama inavyofanywa. Sheikh hakujua ameshika mkono wa nani. Hazim alijua vizuri sana. Pembeni waliketishwa mashahidi wawili wa kujazia picha: Ami Bayumi, mzee mwenye birika la chai la kampuni, na kijana mmoja mshika taa, mwerevu, si mbaya wa sura, ambaye hana sehemu kubwa katika hadithi hii.

Mtu wa sauti akamwomba Maulana aseme maneno yake kidogo, apime kipaza sauti. Sheikh akakohoa. Akainua macho kumtafuta huyo Zahra asiyezaliwa, na aliyemwona kwenye kiti cha pili, amevaa nyeupe, ni binti yake.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Akamtazama, na machozi yakamjaa. Miaka yote ile anawavalisha watoto wa watu furaha, wa kwake anampimia mwanga wa taa. Ulimi uliozoea maneno yale kuliko jina lake mwenyewe ukaondoka peke yake, polepole, bila kukwama mahali.

"Nimekuoza binti yangu Nihal," akasema Sheikh Mitwalli, "kwa Kitabu cha Mungu na mwendo wa Mtume wake, kwa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, kwa mahari tuliyokubaliana."

Ami Bayumi akaliweka birika chini. Katika karatasi za filamu, jibu la bwana harusi lilikuwa neno moja, na Hazim alikuwa amelifanyia mazoezi asubuhi nzima. Nihal akajikuta ameshika kiti kwa mikono miwili. Alikuwa amemkasirikia mtu yule kwa moyo wake wote, na moyo wake wote ulikuwa unamsubiri.

"Hapana, Maulana," Hazim akasema. "Hili sikubali."

Nihal akasimama. Akakusanya gauni kwa mikono yote, akapita katikati ya taa, akaziruka nyaya, akatoka uchochoroni. Kandambili zikapiga chapa-chapa juu ya mawe. Nyuma yake mwongozaji alikuwa akilia, si kwa mapenzi, kwa gauni.

Kama unataka kuudhika sawasawa, toka mitaani Sayyida Zeinab mchana kweupe na gauni la harusi, peke yako, unalia. Wanawake barazani wakamwona, wakapiga vigelegele. Teksi zikapiga honi ya harusi, ile ya kuimba. Muuza mapera akamwekea pera mkononi kwa baraka. Kila mtu alimuuliza bwana harusi yuko wapi, na kila mmoja akajijibu mwenyewe kwamba labda anatafuta pa kuegesha gari. Simu ikalia ndani ya mfuko aliokuwa ameushona mwenyewe kwenye pindo la ndani, maana fundi haendi mahali bila mfuko.

"Nihal, nisikilize kwanza."

"Nimeshasikia. Na kipaza sauti kimesikia. Wamekurekodi, Hazim, usijisumbue kurudia."

"Ulisikia neno, hukusikia sababu."

"Sababu ni mbwa kwenye ngazi?" akamuuliza, akakata, akaila lile pera kwa hasira.

Nyumbani alijitupa kwenye kigoda cha jikoni. Mama yake alikuwa akichambua mboga, majani ya mulukhiya, kwenye sinia. Alipomwona binti yake na gauni lile akataka kupiga kigelegele, akamtazama uso, akakimeza. Nihal akavuta sinia, akaanza kunyonyoa majani kama yamemkosea. Akasema Ijumaa ni mbali, huyo mfamasia aambiwe aje kesho. Mama akasema gauni, mwanangu, gauni la watu. Nihal akasema gauni limezoea.

Ndipo wakasikia hatua kwenye ngazi. Ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya pili. Kimya.

Nihal alisubiri zishuke. Hazikushuka. Hazikupanda pia. Alivumilia kadiri mtu wa aina yake anavyoweza kuvumilia, ambayo ni kidogo, kisha akafungua mlango akainama kwenye reli ya ngazi. Hazim alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, na suti ya Nimr, kashika kichwa. Paka wa Sitti Labiba kamlalia miguuni.

"Unafanya nini hapo?"

"Napumzika."

"Unaruka ghorofa saba, halafu unapumzika ya pili."

"Kuruka ni kushuka, Nihal. Hakuna aliyewahi kuniajiri kupanda." Akajifuta uso na tai ya nyota. "Nikifika juu baba yako ataniuliza nafanya kazi gani. Nitamwambia nini? Naanguka, Maulana. Naanguka vizuri, nipe binti. Kila Idi nilisema filamu ijayo nitapata kazi ya kusimama wima, ndipo nije. Haikuja. Ikaja ya bawabu."

Hilo hakuwahi kulisema. Miaka yote alisema mwandishi, alisema kampuni, alisema paka. Nihal akashuka ngazi chache, gauni linafagia nyuma.

"Na leo? Leo baba amekupa mwenyewe, hukuombwa kupanda hata ngazi moja. Ukasema hukubali. Mbele ya Ami Bayumi na taa zote zile."

"Angesema Zahra ningejibu nimekubali, kama ilivyoandikwa. Alisema Nihal." Akainua uso, nyusi zake zimekutana kabisa. "Ningekubali, ungekuwa mke wangu kwa makosa ya ulimi wa mzee, mbele ya mtu anayepima sauti, nimevaa suti isiyo yangu. Wewe si wa kupimia taa, Nihal. Jina lako ndilo lililonifanya niseme hapana."

Nihal akataka kukasirika, akakosa mahali pa kuanzia. Akiwa bado anatafuta, ngazi za chini zikaanza kukohoa. Alikuwa Sheikh Mitwalli, kashika kilemba mkono mmoja na reli mkono mwingine, na Ami Bayumi nyuma yake na birika. Walipofika kwa Hazim wakashindwa kupita, kwa kuwa kaziba ngazi yote.

"Kijana, ama panda ama shuka," Sheikh akasema. "Magoti yangu hayana sehemu ya pili."

Hazim akasimama wima kama askari. Sheikh akamtazama, akamwambia kuwa angejibu lile neno lingine, yeye Mitwalli angemaliza mwaka mzima anazunguka kwa mamufti kuuliza kama binti yake ameolewa au hajaolewa. Amemwokoa na ulimi wake. Kisha akauliza swali ambalo Hazim aliliogopa tangu Sehemu ya Pili.

"Unafanya kazi gani?"

"Naanguka, Maulana."

Sheikh akavaa kilemba chake. "Umeanguka vya kutosha," akasema.

"Ngojeni," Nihal akasema kutoka juu. Wote wakainua vichwa, na paka pia. "Baba, wewe leo umenioza bila kuniuliza. Huyu akanikataa bila kuniuliza. Mwongozaji kanivisha bila kuniuliza. Mmenichosha nyote. Sasa nauliza mimi, mara moja, na mtu asinichekeshe." Akamtazama Hazim. "Hadithi kuu au ya pembeni?"

Mtu angeweza kumwona akimeza utani. Ulipita kooni kwa shida, kama tonge la mkate mkavu.

"Kuu," akasema. "Hakuna nyingine."

"Basi panda."

Akapanda, ameshika reli kama bibi mwenye uzee wake. Ghorofa ya tatu ikamshinda kidogo hivi pale mlangoni, Nihal akamvuta mkono wa suti. Wakakaa sebuleni, wakainua viganja, wakasoma Fatiha, bibi harusi na majani ya mulukhiya kwenye pindo, na simu ya Hazim inalia mfululizo, mwongozaji anauliza kwa sauti ya kuvunjika moyo kama kuna mtu yeyote duniani anayeweza kumrudishia gauni lake.

Gauni lilirudi, na Nimr akaoa jioni ileile. Filamu ilipotoka Idi, watu waliona doa dogo la kijani kwenye pindo la Zahra, na mpaka leo kuna vijana wa vibaraza wanaobishana kuwa doa lile ni ishara ya siri, kwamba kaolewa na jasusi, kwamba hadithi haijaisha. Nihal akiwasikia hupita akikaza mwendo. Mfamasia wa Tanta alikuja Ijumaa kama alivyoalikwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumzuia. Akamkuta Hazim sebuleni, na alipojua ndiye mwenye mgongo akaomba kupiga naye picha, mgongo ukiangalia kamera.

Siku ya ndoa yenyewe aliitwa mwozeshaji wa mtaa wa pili, maana Sheikh Mitwalli safari hii alikuwa baba tu, na ulimi wake ulikuwa na kesi ya kujibu. Nihal aliulizwa kwanza, mara mbili, akajibu mara mbili. Alivaa gauni lililokuwa lake, na chini, kwa anayejua kuchungulia, kandambili za kijani. Hazim alishika mkono wa mkwewe chini ya kitambaa cheupe, na mashahidi walikuwa walewale, Ami Bayumi na yule mshika taa. Ulipofika wakati wake akajibu nimekubali kwa sauti tulivu, bila kutetemeka, kama mtu anayeagiza chai. Nihal, anayejua kuudhika kwa kila kitu, hakupata cha kuudhikia.

Mikono ilipoachana wasichana wakakirukia kitambaa, kama desturi, kwa sababu anayekinyakua ndiye anayefuata kuolewa. Rabab alikuwa wa kwanza. Kitambaa hakikuwepo. Wakainua mito, wakatikisa mazulia, wakamkagua hata paka. Kilikwenda wapi hajui mtu. Mshika taa wala hakushughulika nao. Ni kijana ambaye tangu zamani amesema ndoa ni ya watu waliokosa kazi.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini Ami Bayumi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote na birika lake, nami sikumwona.

"Hazim alitetemeka mpaka vikombe vikalia kwenye sinia yangu," akasema. "Mimi ni shahidi, nimetia sahihi. Na wewe, mshika taa mwerevu, si mbaya wa sura, toa mkono mfukoni. Rabab yuko mlangoni, anauona ukingo wa kitambaa."